Debe: Jina Lililobaki Bila Kipimo

Leo tunalizungumzia debe. Ni neno tunalolitumia sokoni, stendi na kwenye siasa, hata katika kumsema mtu mwenye maneno mengi, na mara nyingi tunalitumia chombo chenyewe kikiwa hakipo. Mchuuzi wa mahindi hutaja bei ya debe huku mkononi ameshika ndoo ya plastiki. Mwanasiasa wa Kenya humwambia mpinzani wake wakutane debeni, na wakifika huko hakuna bati hata kipande. Hoja yangu ni kwamba maana hizi zote zimetoka katika jambo moja: debe lilikuwa chombo cha ukubwa uleule kila lilikofika, na kwa sababu hiyo watu waliliamini. Leo chombo hicho kimetoweka karibu kabisa, na imani ile imebaki kwenye jina. Katika methali na kampeni hilo halina madhara. Katika biashara ya mazao lina madhara, na anayeumia kwa kawaida ni mkulima na kibarua.

Tuanze na chombo. Asili ya neno debe inatajwa kuwa ni Bara Hindi, ambako dabba ni kopo au mkebe. Ndilo neno lililomo katika jina la dabbawala, wale wachukuzi wa Mumbai ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakiwapelekea watu maofisini chakula cha mchana kilichopikwa nyumbani. Kwetu jina lilishikamana na kopo la namna moja, lile kubwa la pembe nne lililoletwa na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta hayo yalisafirishwa duniani katika makopo ya bati, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Kampuni ya Standard Oil, iliyoundwa mwaka 1870 na John D. Rockefeller na wenzake, ilitia galoni tano za Kimarekani katika kila kopo, yaani karibu lita 19. Waingereza walihesabu kwa galoni yao iliyo kubwa zaidi, na kopo lao la galoni nne lilichukua lita 18 na kidogo. Tofauti ya makopo hayo mawili haikufika lita moja. Mtu aliyenunua kopo bandarini Mombasa na aliyelipata mikono mitatu baadaye katika duka la Mhindi kando ya Ziwa Viktoria walikuwa na chombo kimoja, kwa kuwa hakuna fundi wa njiani aliyekuwa amekibadilisha.

Thamani ya kopo lile likiwa tupu ilimshangaza hata tajiri. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, ambaye baadaye aliunda kampuni ya Shell, alipitisha meli yake iitwayo Murex katika Mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta ya taa ndani ya matangi yake. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara: mafuta yakisafirishwa bila makopo gharama itashuka, na wateja wa Asia watakuja na vyombo vyao. Wateja hawakuja. Walikuwa wamezoea makopo ya buluu ya Standard Oil, ambayo mafuta yakiisha waliyafanya mapaa, vizimba vya ndege, vikombe na mikebe ya chai. Ikambidi Samuel aagize bati, aweke mitambo ya kutengeneza makopo huko huko Mashariki, na ayapake rangi nyekundu ili yajulikane. Mnunuzi alikuwa akilipia vitu viwili kwa bei moja, mwanga wa miezi michache na bati la miaka mingi, na hakuwa tayari kupunjwa kimoja.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda hivyo hivyo. Katika mitaa ya zamani ya Waafrika mjini Nairobi, kama Pumwani, madebe yalipasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa juu ya nyumba kuwa mapaa. Mafundi bati walikata debe lile lile lililoleta mafuta wakatengeneza vibatari vya kuyachoma mafuta hayo. Wabeba maji walining'iniza mawili kwenye mti begani, moja mbele na moja nyuma, wakauza maji nyumba kwa nyumba. Walowezi wa Kizungu nchini Kenya nao walilichukua neno wakalitia katika Kiingereza chao bila kulitafsiri, maana kwenye mashamba yao hakukuwa na siku inayopita pasipo debe kutajwa. Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya kupimia. Gunia lilihesabiwa kwa madebe, mshahara wa siku ukahesabiwa kwa madebe, na bei ya mahindi ikasemwa kwa debe kutoka pwani hadi bara.

Mtu anaweza kuuliza kama hatukuwa na vipimo vyetu kabla ya hapo. Tulikuwa navyo. Pwani ilikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na hadi leo Waislamu wengi wa Pwani hutoa zaka ya Idi ya Mfunguo Mosi kwa kuhesabu pishi. Methali ya haba na haba inakitaja kibaba, haikitaji kingine. Shida ya pishi ilikuwa kwamba kila mji ulikuwa na yake, na aliyesafiri na nafaka alilazimika kuuliza pishi ya hapa ikoje kabla ya kufungua gunia. Debe lilishinda kwa sababu liliondoa swali hilo. Halikuwa na heshima ya dini wala ya ukoo, na wala halikuhitaji mzee wa mji kulithibitisha. Lilitoka kiwandani likiwa limekwisha kukubaliwa ukubwa, na wauzaji waliokuwa hawajuani wakaweza kufanya biashara kwa kulitazama tu.

Kutoka hapo maana zikazaana. Bati jembamba likiwa tupu hulia kwa kishindo kikubwa, na kila aliyeishi karibu na debe alijua sauti yake likijaa na sauti yake likiwa halina kitu. Ndipo ikapatikana methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma, ambayo humpata mjuaji wa baraza katika maneno machache. Sauti hiyo hiyo ikawafaa wanaotaka kusikika. Kupiga debe kukawa kazi ya mtu anayeita abiria stendi, akitangaza safari na kugonga ubavu wa basi, na Tanzania mpiga debe akawa mtu wa kazi maalumu, tofauti na konda na dereva, mwenye malipo yake kwa kila gari analolijaza. Kutoka stendi neno likapanda jukwaani: kumpigia mtu debe ni kumfanyia kampeni, na magazeti ya Kiswahili ya nchi zetu zote huliandika hivyo kila msimu wa uchaguzi. Kenya imekwenda hatua moja zaidi, ikaliita sanduku la kura lenyewe debe. Huko mgombea hupigiwa debe kwa muda mrefu, kisha huenda debeni siku moja, na wasikilizaji hawachanganyikiwi hata kidogo.

Tukizitazama maana hizi kwa mpangilio tunaona kwamba hakuna iliyobuniwa mezani. Kila moja imeshika sifa moja ya chombo: kujaa kwake, utupu wake, sauti yake, au ule uhakika wa kuwa kilichomo kitahesabika na kila mtu kwa namna moja. Hata debe la kura lina mantiki hiyo. Kura hutiwa, chombo hufunguliwa mbele ya mashahidi, vilivyomo huhesabiwa, na pande zote hutarajiwa kukubali jibu. Wanaosema kwamba haya ni maneno ya mitaani yasiyostahili habari za serikali wanasahau kwamba lugha imeyapima kwa matumizi ya vizazi kadhaa. Sina ugomvi na maana yoyote kati ya hizo. Ugomvi wangu ni na ile ya kwanza kabisa, ya sokoni, kwa sababu hiyo peke yake ndiyo inayodai kwamba chombo kipo na kwamba ukubwa wake unajulikana.

Chombo hakipo. Mafuta ya taa yalihamia kwenye mapipa, matangi na pampu za vituo, na baada ya hapo debe la bati likawa kitu cha kutafutwa. Mahali pake pamekaliwa na ndoo ya plastiki ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya lita 20, na bado tunaiita debe. Tupige hesabu ndogo hapa. Galoni nne za Kiingereza ni lita 18 na nukta mbili. Mkulima aliyezoea kuuza kwa debe la zamani akipimiwa kwa ndoo ya lita 20, kila debe linamwondokea na karibu lita mbili zaidi ya zile alizolipwa. Akipimiwa madebe kumi ametoa lita 200, wakati madebe kumi ya asili ni lita 182. Zilizozidi ni lita 18, yaani debe zima. Ameuza kumi, ametoa kumi na moja, na hakuna aliyemwibia kwa maana ya sheria ya wizi, kwa sababu neno walilokubaliana ni lile lile na yeye mwenyewe amelitamka.

Hiyo ni hesabu ya ndoo nzima isiyochezewa. Plastiki ina tabia ambayo bati halikuwa nayo: ikipashwa moto hulainika, na ikilainika hutanuliwa. Debe la bati likibonyea kila mtu huona bonde lake, lakini ndoo iliyotanuliwa kwa ustadi hubaki na umbo zuri na mdomo mpana. Halafu kuna suala la kujaza. Wazee wa Pwani walitofautisha kipimo cha mfuto, kilichosawazishwa juu kwa mkono au kijiti, na kile kilichorundikwa hadi nafaka ikaanza kuporomoka. Leo anayenunua shambani hudai mrundiko, na huyo huyo akiuza mjini hupitisha kijiti. Kilima kilichokuwa juu ya ndoo kule shambani ndiyo faida yake, wala hakuna karatasi inayoonyesha kilikuwa na ukubwa gani.

Tena kuna hesabu ya uzito, inayoonyesha jinsi mazoea yanavyoweza kujificha ndani ya namba. Wafanyabiashara wengi huhesabu debe la mahindi kuwa kilo 18, madebe matano yakitimiza gunia la kilo 90. Lakini lita 18 zina uzito wa kilo 18 zikiwa za maji. Mahindi makavu yana hewa kati ya punje na punje, na debe la lita 18 likijazwa mfuto haliwezi kufikia kilo hizo. Ili kilo 18 zitimie, ama chombo kiwe kikubwa kuliko debe, ama nafaka irundikwe na kutikiswa. Kwa maneno mengine, hesabu tunayoirithishana kama ukweli wa kawaida imekwisha kuuhesabu mrundiko ndani yake. Ukihamia kwenye viazi au mkaa, ambapo mapengo ni makubwa zaidi, neno debe linakuwa halisemi chochote kuhusu uzito, na anayepanga vipande ndani ya ndoo ndiye anayeamua utanunua viazi au hewa.

Kwa kibarua jambo hili ni la mshahara. Katika mashamba ya kahawa nchini Kenya wachumaji wamekuwa wakilipwa kwa debe la matunda wanayochuma. Ongeza ukubwa wa debe kwa sehemu moja ya kumi, umemkata mchumaji malipo yake kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hukuhitaji kubadilisha kiwango cha malipo wala kumwita kikaoni. Kiwango kilichotangazwa kinabaki pale pale ukutani. Ndiyo maana katika kazi ya namna hiyo swali la shilingi ngapi kwa debe ni nusu ya swali, na nusu ya pili ni debe la nani.

Serikali zetu zimeliona tatizo hili kwenye gunia. Tanzania ina Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu ya mdomo wake, limepigwa marufuku. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kenya ilitoa kanuni za viazi mwaka 2019 zinazotaka viazi vifungashwe kwa gunia la kilo 50. Kanuni hizi ni njema, lakini zimelishughulikia gunia linalopita barabarani mbele ya askari na mkaguzi. Debe hufanya kazi yake kabla ya hapo, uani kwa mkulima, ambako mkaguzi hafiki. Gunia linaloingia mjini likiwa na kilo halali linaweza kuwa limenunuliwa kwa ndoo isiyo halali, na sheria ikaridhika.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, kwa kuwa zipo na zina uzito. Ya kwanza inasema kwamba mizani nayo hudanganya. Ni kweli. Jiwe huchongwa, springi huchoka, na wapo wanaoiwekea kidole. Tofauti ni kwamba mizani ina kosa linaloweza kuthibitishwa. Sheria inataka ihakikiwe kila mwaka na kuwekewa alama, na mnunuzi mwenye shaka anaweza kupima mfuko ule ule kwenye mizani ya jirani. Ndoo iliyotanuliwa haina jirani wa kuisuta, maana na ya jirani ina ukubwa wake. Mizani ikidanganya tunasema imevunja kipimo. Ndoo ikidanganya hatuna hata pa kuanzia, kwa sababu hakuna kipimo kilichovunjwa.

Hoja ya pili ni ya umaskini, na hii nadhani ndiyo nzito zaidi. Mama anayenunua unga wa siku moja hana haja na mizani ya kilo 100. Ananunua kwa kopo, kwa kasuku au gorogoro nchini Kenya, kwa sado nchini Tanzania, na vyombo hivyo vinamfaa kwa sababu vinalingana na fedha aliyonayo. Muuzaji wake ni yule yule kila jioni, anamkopesha, anamwongezea kidogo juu, na akimpunja leo kesho atamkosa. Nakubali yote hayo. Kwenye ununuzi wa namna hiyo uhusiano wa watu wawili ndio kipimo, na kopo ni kisingizio cha heshima tu. Lakini hoja hii haimsaidii mkulima. Mnunuzi wake ni msafiri aliyekuja na gari msimu wa mavuno, ambaye pengine hawataonana tena, na kiasi kinachouzwa ni jasho la mwaka mzima. Uhusiano unaolinda kopo la unga mtaani haupo pale. Kinachobaki ni jina debe, nalo haliwezi kufanya kazi ya uhusiano.

Hoja ya tatu inasema kwamba bei hujirekebisha yenyewe: debe likiwa kubwa, mkulima atadai bei kubwa, na mwisho wa yote hakuna aliyepoteza. Ingekuwa hivyo kama pande zote mbili zingejua debe limekua kiasi gani. Msafiri anajua, maana anapofika mjini huuza kwa kilo na kuona kila ndoo imempa nini. Mkulima hajui, kwa sababu alipima kwa ndoo ya mgeni na hakupima tena. Soko hurekebisha bei kwa habari, na hapa habari zote ziko upande mmoja wa gari.

Wasikilizaji wapenzi, sishauri neno debe lifutwe. Litaendelea kuvuma kwenye methali, wapiga debe wataendelea kuita abiria, na Wakenya wataendelea kukutana debeni. Ninachosema ni kwamba lisitumike kuuzia mazao wala kulipia vibarua mpaka litajwe pamoja na kilo zake. Vyama vya ushirika vya vijiji vinaweza kuanza bila kusubiri mkaguzi: mizani moja iliyohakikiwa iwekwe mahali pa wazi, na kila mwanachama apime kabla gari halijaingia kijijini. Wewe mkulima, msimu huu mnunuzi akikutajia bei ya debe, mwulize ni kilo ngapi, kisha pima mwenyewe kabla hujapokea fedha. Akikataa kupima, mwache aende.